Mwanafunzi Mkimya na Alama Zinazokosekana

Kila muhula wa kwanza unapofungwa, ofisi yetu ya masuala ya wanafunzi hapa Kisumu hupokea rundo la malalamiko ya alama kukosekana. Watu hudhani wanaolalamika ni wale waliokuwa wakizurura mtaa wa Kondele wenzao wakisoma. Wamo, sikatai. Lakini wamo pia vijana watulivu, waliohudhuria mihadhara tangu wiki ya kwanza, ambao kosa lao lilikuwa kunyamaza pale palipohitaji neno moja tu.

Kuna msichana aliyesimama nje ya mlango wangu tangu saa mbili asubuhi. Kila aliyefika, alimpisha. Nilipotoka kwenda kula saa saba nikamkuta bado yupo, bahasha ya kaki imelegea kwa jasho la viganja. Ndani mlikuwa na barua ya hospitali: alilazwa kwa malaria siku ya mtihani. Muhuri upo, sahihi ipo. Ila muda wa kuomba mtihani maalumu ulikuwa umepita kwa siku tisa. Nikamuuliza alikuwa wapi. Alikuja mara tatu, akasema, akakuta watu, akarudi hosteli.

Kwa hivyo nieleze jambo hili polepole. Mtihani maalumu si sapu, yaani mtihani wa marudio. Aliyeugua au kufiwa akaandika barua kwa mkuu wa idara, akaambatisha ushahidi na kufuata tarehe zilizowekwa, huufanya mtihani maalumu na kupewa alama zote alizostahili. Sapu ni ya aliyefanya mtihani akaanguka, na katika vyuo vingi vya umma alama yake haivuki 40, hata ujibu kila swali sawasawa. Aliyekosa mtihani bila ruhusa huhesabiwa ameanguka, na huenda akairudia yuniti, yaani somo zima, na kuilipia tena. Kuahirisha masomo nako huombwa kwa maandishi na hujibiwa kwa maandishi. Kufunga virago ukarudi nyumbani Busia au Kwale bila barua si kuahirisha, ni kutoroka, na kanuni zinaruhusu jina lako liondolewe. Soma kanuni za chuo chako, kwa kuwa tarehe na ada hutofautiana.

Usimpe mwenzako kazi yako akupelekee kwa mhadhiri kwa sababu tu unaogopa kubisha hodi. Karatasi nyingi za majaribio ya darasani hupotelea njiani namna hiyo, na majaribio hayo aghalabu hubeba alama 30 kwa 100. Usimwombe akutilie sahihi ya mahudhurio pia. Huo ni udanganyifu, na mbele ya kamati ya nidhamu mnaitwa nyote wawili. Tunalisema hili kila mwaka, na kila mwaka linarudi.

Sasa wazazi. Msitupigie simu kuuliza matokeo ya mtoto aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zake binafsi, na hatuzitoi bila idhini yake. Mzazi mmoja aliniambia binti yake ni mpole, hivyo yeye ndiye atakayemsemea hadi amalize. Naelewa upendo huo. Lakini barua ya mwanafunzi huandikwa na mwanafunzi, na miaka minne ni mingi mno kusemewa.

Wengi wa vijana hawa hawakuwa wakimya kwao. Mtu ametoka shule ya kutwa ya kijijini alikojulikana kwa jina, akaingia ukumbi wa watu 300. Siku ya kwanza anauliza swali, nyuma wanacheka kwamba ameshrabu, yaani ametamka kwa lafudhi ya lugha ya kwao. Hataongea tena muhula mzima. Nawaomba wahadhiri wenzangu wasiuache ule mnong'ono wa kicheko upite. Nawe mwanangu uliyechekwa, lafudhi haikatwi alama. Andika swali lako kabla ya mhadhara, umfuate mhadhiri unapokwisha, au umwandikie barua pepe yenye jina, nambari ya usajili na yuniti. Saa zake za kuonana na wanafunzi aghalabu zimebandikwa mlangoni. Vikundi vya kazi vikigawanywa ukabaki pembeni, mwambie wiki hiyo hiyo, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi.

Kuhusu marafiki, wanaokwambia ujichangamshe hawakusaidii. Mtu mkimya hupata wenzake mikono ikiwa na kazi. Jiunge na kwaya, timu ya voliboli au kikundi cha huduma ya kwanza. Pale mazungumzo hayaanzi na wewe, yanaanza na mpira au beseni la vyombo.

Aibu ya ugeni si ugonjwa. Lakini nimewahi kumpokea kijana aliyekula chapati kavu chumbani majuma mazima kwa kuogopa foleni ya mesi. Moyo ukidunda kila unapokaribia darasa, ukaacha kula, kulala au kuhudhuria, njoo kwa mshauri nasaha. Si kweli kwamba ofisi ile ni ya wenda wazimu, wala anachoandika hakiingizwi kwenye faili lako la masomo. Siri hufunguliwa hasa pale uhai, wako au wa mwingine, unapokuwa hatarini. Usiku au wikendi, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya ushauri, 1199, isiyolipishwa.

Ukija kwetu, beba kitambulisho cha chuo. Ukikuta watu, usirudi hosteli. Kama maneno hayatoki, yaandike kwenye karatasi umkabidhi karani, kisha keti kwenye benchi. Tutaisoma na kukuita ndani.