Povu la siki na magadi

Wengi huamini kuwa siki ikichanganywa na magadi husafisha maradufu, maana povu ni jingi. Povu hilo ni gesi ya kaboni dayoksaidi tu; asidi (siki) na alkali (magadi) zikishamalizana nguvu, hubaki maji yenye aina ya chumvi. Jaribu kwa sahani mbili zenye mafuta: moja iloweke kwenye mchanganyiko uliokwisha kutoa povu, nyingine kwenye kijiko 1 cha magadi kwa lita 1 ya maji ya moto, dakika 15. Vaa glavu. (Sufuria za alumini ziepushe na magadi, huwa nyeusi.) Siki ifanye kazi peke yake kwenye chokaa ya birika: nusu siki, nusu maji, dakika 30. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini. Hutoa gesi ya sumu.