Je, wajua kwa nini ofisa wa mizinga anapigishwa hesabu kuliko maofisa wenzake?

Ukitaja kikosi cha mizinga watu wanawaza kelele, moshi na majamaa wenye mabega mapana, na si uongo, kombora moja la milimita 155 lina kilo 40 na ushee na halijipakii lenyewe. Ila mcheki luteni usu anayesomea uofisa wa mizinga, pale Fort Sill Marekani au Larkhill Uingereza, utamkuta na ramani, penseli na majedwali ya namba mpaka macho yamemtoka. Kwa nini sasa?

Kwa sababu anapiga kitu asichokiona. Mizinga mingi ya sasa inafika zaidi ya kilomita 20, katikati kuna milima, misitu, pengine na nyumba za watu, kwa hiyo anayeiona shabaha ni mtu mwingine kabisa. Huyo ni mwangalizi, yuko mbele na askari wa miguu, ana darubini na redio. Anatuma taarifa kwenye kituo cha hesabu, kituo kinaigeuza kuwa namba za mtutu uelekee wapi na uinuke kiasi gani, halafu ndo namba zinapelekwa kwenye mizinga. Ofisa kijana anafundishwa kazi zote tatu, na mara nyingi anaanzia ule uangalizi, ambao kwa maoni yangu ndio mgumu kuliko zote maana ukikosea kusoma ramani kombora linaweza kuwashukia wenzako uliolala nao handaki moja.

Na hesabu yenyewe si umbali tu. Kombora likienda mbali linaweza kukaa hewani zaidi ya dakika nzima, na muda wote huo upepo unalisukuma, hewa nzito inalipunguza kasi, baruti iliyopata joto inalirusha kwa nguvu zaidi kuliko iliyopoa, mtutu uliochakaa nao unapunguza nguvu, na umbali ukiwa mkubwa hata dunia kuzunguka inabidi ukuingize. Pembe nazo hawapimi kwa nyuzi 360, wanatumia mili, majeshi ya NATO yanagawa duara mara 6400 na Warusi mara 6000. Uzuri wa mili ni kwamba moja ikiwa umbali wa kilomita moja ni kama mita moja, yani mwangalizi akiona kombora limeanguka mili 30 kulia na shabaha iko kilomita 2, anajua hapo hapo limekosea mita kama 60, hahitaji kalkuleta.

Ndo maana zamani kikosi hiki hakikuwa cha mtoto wa tajiri tu. Uingereza mpaka 1871 ungeweza kununua cheo cha uofisa kwenye askari wa miguu au wa farasi kwa hela yako, lakini kwenye mizinga hapana, ulipitia chuo cha Woolwich kilichoanzishwa 1741 na kupanda cheo ulisubiri zamu yako. Ufaransa nako kijana wa miaka 16 kutoka Corsica, Napoleon Bonaparte, alipata uofisa wa mizinga 1785 baada ya kutahiniwa hesabu na Laplace mwenyewe, yule mwanahisabati mkubwa.

Na kompyuta? Hiyo nayo imetokea huku huku, ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo za elektroniki, ya Wamarekani iliyokamilika 1945 ilibuniwa ili ikokotoe majedwali ya mizinga, kazi iliyokuwa inawatesa watu wengi kwa wiki nyingi. Leo mashine inatoa jibu kwa sekunde, ila mashine inazimika, betri inaisha, na mtu akiingiza namba mbovu inakupa jibu bovu bila aibu yoyote, kwa hiyo ofisa lazima awe na makadirio yake kichwani ya kushtukia kwamba hapa kuna kitu hakijakaa sawa. Wala usiogope kwamba unahitaji uprofesa, ni trigonometria ya sekondari tu, shida ni kuipiga haraka usiku wa manane, umelowa, hujalala, na redio inakupigia kelele sikioni.