Kwa nini bado natazama filamu za kutisha za bei chee

Mimi ni mhariri wa filamu, na watu hudhani mtu wa kazi yangu atazicheka tu zile filamu za zamani za kutisha na za kisayansi zilizotengenezwa kwa bajeti kiduchu. Nazicheka, tena sana. Lakini nikitaka kumfundisha mhariri chipukizi namna ya kujenga hofu, naanza na hizo hizo. Asiye na pesa hana budi kuamua kipi kionekane na kipi kifichwe, na hiyo ndiyo kazi yetu.

Chukua Cat People ya 1942. Studio ya RKO ilimpa mtayarishaji Val Lewton jina la filamu na bajeti ya kubana, mengine ikamwachia. Mwongozaji Jacques Tourneur akatuonyesha mwanamke anayetembea usiku kando ya ukuta wa bustani, viatu vikigonga ko, ko, ko. Nyuma yake kuna viatu vingine. Picha inakwenda kwake, inarudi kwa anayemfuata, inakwenda tena, bila muziki wowote. Mara viatu vya nyuma vinanyamaza. Mwanamke anaharakisha, anageuka, haoni mtu. Taa, giza, taa. Ghafla unasikika mlio mkali wa mnyama, kumbe ni basi linafunga breki! Ukuta, taa chache na sauti tu. Wenye fani wanauita mtego huo "basi la Lewton" mpaka leo.

Sasa tazama Robot Monster ya 1953. Mwongozaji Phil Tucker alihitaji roboti kutoka anga za mbali, na roboti ni ghali. Akamchukua George Barrows, mwigizaji aliyekuwa na vazi lake mwenyewe la sokwe, akamvisha kofia ya mzamiaji. Mashine ya kutoa mapovu iliyotumika kwenye filamu nayo ikatajwa kwa heshima zote kwenye majina ya mwanzo. Watu husema vazi ndilo lililoiharibu filamu. Sikubali. Vazi hilo hilo, likipita mlangoni gizani kwa sekunde moja, lingekutoa jasho. Lakini kamera inalikodolea macho mchana kweupe, likipanda kilima na kushuka, likipanda na kushuka.

Kasoro inayonikera zaidi ni kujaza muda. Nyingi zilionyeshwa mbili kwa tiketi moja, kwa hiyo hadithi ya nusu saa ilivutwa mpaka ifike saa moja na ushee. Zimwi lina gharama, maneno hayana. Ndiyo maana wanaume wawili wenye makoti meupe husimama maabara wakielezana mambo ambayo wote wawili wanayajua. Katika Manos: The Hands of Fate ya 1966, iliyoongozwa na Harold P. Warren, muuza mbolea wa mji wa El Paso, Texas, gari linakwenda, linakwenda, na bado linakwenda. Kamera yao ilikuwa ya kutia ufunguo kwa mkono, haikuweza kupiga zaidi ya sekunde 32 hivi kwa mkupuo wala kunasa sauti, hivyo mazungumzo yote yakaingizwa baadaye na watu wachache. Mikanda ile ningeletewa mimi, ningebakiza dakika ishirini.

Na lipo ambalo bajeti haiwezi kubebeshwa lawama yake: mwanamke anatambulishwa kama mwanasayansi, halafu kazi yake inakuwa kupiga mayowe na kubebwa. Kumwandika mhusika mwenye akili hakugharimu hata senti.

Mwongozaji George Romero alitumia kama dola 114,000 kwa Night of the Living Dead ya 1968. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Kwenye picha nyeusi na nyeupe nani angejua? Watu wachache wamejifungia nyumba moja wakiwakimbia wafu waliofufuka, na maafa ya nje wanayapata kwa redio na televisheni. Mwisho wake umejengwa kwa picha za mnato zenye chengachenga kama za gazeti. Sijui mbinu rahisi kuliko hiyo iliyowahi kuniumiza kiasi kile.

Jina la filamu hiyo lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki likasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule yeyote akawa huru kuinakili. Ndiyo maana imejaa mtandaoni bure. Ila tafuta nakala iliyosafishwa, kwa sababu katika zile mbovu giza limekuwa kijivu, na giza ndilo lililofanya kazi yote.