Mtoto akiitwa JKT: wazazi wa kambi moja wajipange hivi

Majina ya wahitimu wa kidato cha sita wanaoitwa mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria yakishatoka, Mwanza nzima huanza kupigiana simu. Siku mbili baadaye kuna kundi la WhatsApp la wazazi wa shule hii na la shule ile, watu mia na zaidi humo ndani, na kinachoendelea ni kutakiana heri na kutiana hofu. Naona kosa liko kwenye namna ya kujipanga. Watoto wa shule moja hutawanywa kambi mbalimbali: huyu Rwamkoma kule Butiama, yule Msange Tabora, mwingine Oljoro Arusha au Mafinga. Wazazi wanaofaana kweli ni wa kambi moja. Barabara yao ni moja, baridi ni ile ile, na mtu mmoja akiulizia kambini, amewaulizia wote.

Kaya 8 mpaka 15 zinatosha kwa kikundi. Zikizidi, gawanyikeni. Mnahitaji msemaji mmoja tu wa kuwasiliana na kambi au na ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya, mweka hazina, mtu wa karatasi, na mtu wa kutembelea. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika, na kwangu ndiye muhimu kuliko wote. Watoto wengi wa huku wamelelewa na bibi, na bibi hana simu janja. Ujumbe mliotumiana usiku haumfikii kule juu Igogo wala Kayenze. Basi kila Jumapili mtu aende, ampe shikamoo, akae, amweleze kilichosemwa na kambi kama kilivyosemwa. Asiongeze la kwake.

Manunuzi yafanyeni pamoja. Maelekezo ya miaka ya karibuni yametaka bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, trakisuti ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi, vyeti, na nauli ya kwenda na kurudi. Someni tangazo la mwaka wenu kabla ya kutoa hata shilingi. Watu huchanganya bluu mbili hizo, wakarudi sokoni Makoroboi mara ya pili. Nunueni kitambaa cha pamoja, fundi mmoja ashone bukta zote, na mwambieni apige mshono mara mbili kwenye msamba, maana hapo ndipo panapochanika mtoto akianza kutambaa na kuchuchumaa. Shuka ziandikwe jina kwa uzi. Wino hufutika kwa kufuliwa.

Raba mpya ni adui. Mnunulieni mtoto jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha azivae kila siku kwa wiki mbili, akitembea na soksi zile zile atakazokwenda nazo, akianza na nusu saa. Milima ipo, tuitumie.

Afya isisubiri wiki ya mwisho. Kanda ya Ziwa ina selimundu nyingi, na wapo wazazi wanaoificha ili mtoto asikataliwe. Msifanye hivyo. Baridi, kiu na uchovu uliopitiliza huamsha maumivu ya selimundu, na kambini vyote vitatu hukutana. Barua ya daktari itangulie, iseme ugonjwa, dawa na dozi. Vivyo hivyo kwa pumu na kifafa. Mtoto mwenye ulemavu unaoonekana, angalieni tangazo: miaka ya karibuni wamekuwa wakielekezwa kambi ya Ruvu, Pwani, penye miundombinu yao. Anayeoga na kuvua ziwani apimwe kichocho na atibiwe kabla ya safari. Kichocho huweza kumpunguzia damu, naye akaonekana mvivu kwenye mbio.

Sasa karatasi, ambako hasara kubwa hutokea. Matokeo, udahili wa vyuo na maombi ya mkopo huweza kuangukia wakati mtoto yuko kambini. Mtu wa karatasi ahakikishe mambo haya kabla mtoto hajapanda basi: cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, na cha kifo pia kama mzazi mmoja hayupo, mdhamini amejulikana na kitambulisho chake kimenakiliwa, picha ndogo zipo. Mtoto aondoke na nakala, na nyumbani ibaki seti nyingine kamili. Namba yake ya mtihani wa kidato cha nne iandikwe mahali pa wazi, kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti ya Bodi ya Mikopo. Kwenye kibanda cha intaneti msikubali mhudumu aweke namba yake ya simu au barua pepe yake. Akifanya hivyo, siku nenosiri likipotea, ujumbe wa kulirejesha utakwenda kwake, na mtamtafuta nchi nzima. Kurasa zinazohitaji sahihi ya mtoto mwenyewe mzijue mapema, muulize kambi utaratibu wa kuzipata. Hilo aulize msemaji, mara moja, kwa watoto wote.

Kuhusu usafiri, wa Ukerewe aliyepangiwa Rwamkoma hana sababu ya kuja Mwanza mjini. Avuke Rugezi hadi Kisorya, apitie Bunda. Anayekwenda Tabora au Dodoma ndiye alale mjini, na afikie kwa mzazi mwenzenu, asilale stendi ya Nyegezi.

Halafu unakuja ukimya. Makuruta wanapokelewa, wanapimwa, wanagawiwa kombania, yaani makundi ya mafunzo, wanaanza kwata, na simu hawana. Wiki za kwanza bila habari ni jambo la kawaida, na mzazi mwenye mtoto mmoja ndiye huumia zaidi. Mpigieni simu kwa zamu. Msimwambie azoee, muulizeni amekula nini. Akina baba waliopita JKT kabla mpango haujasitishwa mwaka 1994 watasimulia ya enzi zao. Wasikilizwe kwa heshima, ila mpango uliorejeshwa mwaka 2013 ni wa muda mfupi, kwa kawaida miezi 3, na mengi yamebadilika.

Mtoto akipata simu ya kuazima akalia, kulia si dharura. Dharura ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi, homa ya kutetemeka, au maumivu ya mfupa sehemu moja ya mguu yasiyotulia hata akilala. Hayo mwambieni aripoti leo hii, na msemaji apige simu kambini.

Akipiga mtu msiyemjua, akisema mtoto ameanguka na pesa za dawa zinahitajika haraka, mtu yeyote asitume pesa. Muulizeni namba ya kikosi, Rwamkoma kwa mfano ni 822 KJ (KJ ni Kikosi cha Jeshi), na kombania ya mtoto. Hata akijibu vizuri, kateni, msemaji apige mwenyewe kwa namba mlizozipata ofisini. Na anayeuza nafasi ya JKT au ajira ya jeshi ni tapeli.

Wapo watakaorudishwa mapema kwa ugonjwa. Wazazi wao hujitoa kundini kimya kimya kwa aibu. Msiwaache. Zamu ya kutembelea ihamie kwao, mtu wa karatasi aendelee na maombi ya chuo ya mtoto huyo kama ya wengine, na siku basi linapoingia stendi ya Nyamhongolo wazazi wawili wawe wameshafika, mmoja ambebee begi.