Je, wajua kwa nini wamisionari wa Uganda hula Krismasi mara mbili?

Nyumba ya mapadre wamisionari ikiwa na Mpolandi, Mkongo na Mganda, mwisho wa Desemba jikoni huwa na karamu mbili zinazogombea sigiri moja: ya tarehe 24 jioni na ya tarehe 25 mchana. Si ulafi. Wanatofautiana tu kuhusu sikukuu inaanza saa ngapi.

Kwa liturujia, Krismasi huanza jioni ya mkesha, kwa Masifu ya Jioni ya kwanza. Wapolandi wameifuata hesabu hiyo hadi mezani. Chakula chao kikuu ni cha tarehe 24, kwa desturi vyakula 12, na nyama haiguswi. Sheria ya Kanisa haidai tena mfungo huo, lakini jaribu kumshawishi Mpolandi. Kwa Mganda, Ssekukkulu (Krismasi kwa Kiganda) ni mchana wa tarehe 25, watu wakitoka Misa, na bila nyama bado haijafika.

Mkesha ndio wenye kazi. Desturi ya Poland inataka watu waketi nyota ya kwanza ikionekana. Warszawa, jua la Desemba huzama kama saa tisa na nusu alasiri, hivyo wana jioni nzima kabla ya Misa ya usiku wa manane. Kampala jua huzama yapata saa moja kasoro dakika kumi, na nyota huonekana kama saa moja na robo. Ikiwa Misa ya mkesha parokiani ni saa mbili, na mtu hatakiwi kula kwa saa moja kabla ya komunyo, vyakula 12 vitaliwa lini? Suluhisho zuri ni kugawa mlo: mkate na supu ya bitiruti kabla ya Misa, samaki baadaye. Samaki, ngege au sangara, apakwe chumvi na unga mapema, lakini akaangwe watu wakisharudi. Akikaangwa saa kumi na mbili, saa nne atakuwa amekauka kama gome.

Huo mkate ni kipande chembamba cha unga na maji, kinachofanana sana na hostia. Kila mmoja humega cha mwenzake na kumtakia heri. Waelezeni wageni mapema kwamba hakijawekwa wakfu; vinginevyo katekista atashtuka kuona Ekaristi ikipitishwa juu ya bakuli la supu. Kihifadhiwe ndani ya bati lililofungwa, maana unyevu hukilainisha.

Tarehe 25 ni zamu ya luwombo, kitoweo cha Kiganda kinachopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Chagua majani machanga ya mgomba yasiyochanika, moja kwa kila mlaji. Chonga uti wa nyuma uwe mwembamba, kisha pitisha jani juu ya moto hadi lilegee. Lisipolegea, litapasuka ukilikunja na mchuzi wote utaishia sufuriani. Lilaze ndani ya bakuli, weka kuku aliyebanikwa kidogo, mimina mchuzi wa karanga mwepesi kuliko unavyoupenda (utaganda wenyewe), kusanya kingo na ufunge kwa ukamba wa mgomba. Chini ya sufuria panga vipande vya mabua ya mgomba ili maji yasifikie vifurushi, funika kwa majani mengine, pika kwa mvuke saa mbili hadi tatu.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua luwombo. Siku ya Krismasi padre anaruhusiwa kuadhimisha Misa tatu, na parokia yenye vigango vingi humtumia zote. Wa kwanza atarudi saa saba, wa mwisho labda saa kumi, kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Nyama ya kuchoma haiwezi kumsubiri. Luwombo na matooke (ndizi za kupika) vinasubiri bila kuharibika, mradi moto upunguzwe na mpishi aongeze maji yanayochemka kila yanapopungua. Akitia ya baridi, mvuke hukatika na matooke huanza kuwa magumu.