Si Kila Kulowana ni Osmosisi

Osmosisi ni mwendo wa maji kupita katika utando unaoyaruhusu maji lakini unaozuia sukari au chumvi iliyoyeyuka ndani yake, kutoka upande wenye mmumunyo hafifu kwenda upande wenye mmumunyo mzito. Wanafunzi wengi huikariri fasili hiyo bila kukosea. Taabu huanza pale neno linapotoka darasani na kubandikwa kila kitu kinachonyonya maji, kuanzia sponji na utambi wa koroboi hadi maharage makavu yaliyolowekwa usiku kucha.

Nadhani jaribio la kiazi lenyewe, kwa jinsi linavyofanywa nusunusu, lina sehemu yake katika mkanganyiko huu. Kiazi mviringo kibichi humenywa upande wa chini, huchongwa shimo juu na kutiwa kijiko cha sukari kavu, kisha husimamishwa katika sahani yenye maji kidogo. Baada ya saa chache sukari imelowa, na kufikia kesho yake shimo lina maji mazito matamu. Mwalimu huuliza ni nini kimetokea, darasa zima huitikia "osmosisi", na kipindi huishia hapo, ilhali mwanafunzi aliyeona hayo tu hana sababu yoyote ya kukitofautisha kiazi na sponji.

Kinachokosekana ni kiazi cha pili, kilichochemshwa kwanza, kisha kikatiwa sukari ile ile na kuwekwa katika maji yale yale. Kuchemsha huharibu utando wa seli, kwa hiyo shimo la kiazi hiki halijai kama la mwenzake: sukari yake hulowa na kuyeyuka, lakini nayo huvuja taratibu kuelekea sahanini, maana hakuna tena cha kuizuia. Hiyo ni difyusheni, ambapo kitu husambaa kutoka penye wingi wake kwenda penye uchache, pawe na utando au pasiwe nao. Osmosisi bila utando haipo, na kinachohesabiwa humo ni mwendo wa maji peke yake. Hata katika kiazi kibichi maji hupita pande zote mbili kwa wakati mmoja, ila yanayoingia shimoni huyazidi yanayotoka, ndiyo maana tunaona kina kikipanda.

Maharage nayo yana kisa chake. Mbegu kavu huanza kuvimba kwa sababu wanga na protini zake hushikamana na maji, na hata mbegu iliyokufa, isiyoweza tena kuota, huvimba kwa njia hiyo hiyo, jambo ambalo kiazi kilichochemshwa hakiwezi kuliiga shimoni mwake. Anayeyataja maharage ya jikoni atakuwa salama akisema tu kwamba yamefyonza maji. Na mwalimu aliyebakiwa na viazi viwili tu kwa darasa zima, afadhali kimoja akichemshe.