Chui wa Bodmin: mzoga wake uko wapi?

Mpwa wangu anaishi Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Juzi alinitumia video ya WhatsApp ya sekunde kumi na moja: kitu cheusi kinakatiza shamba, kinapenya kwenye ua wa miti, kinapotea. Chini yake kaandika: "Mjomba, wewe ndiye wa chui. Huyu si chui?"

Kazi yangu ni kamera za mtego, zile tunazofunga mtini zijipige zenyewe mnyama akipita. Nimeshatazama picha nyingi mno za wanyama walioonekana nusu, kwa hiyo nilianza na nyasi. Nikamwambia: nenda ukasimame palepale alipopita, mwenzako akupige picha kutoka pale ulipokuwa. Kesho yake akajibu: "Shikamoo Mjomba. Nyasi zinanifika kwenye vifundo vya miguu." Kwenye video nyasi hizohizo zinamfika mnyama tumboni. Chui dume husimama sentimita 60 hadi 70 begani. Huyu wetu analala jikoni kwa mtu.

Hata hivyo swali lake si la kipuuzi. Uingereza haina chui wa porini, lakini kwa miaka mingi wapo wanaosimulia kwamba wamewaona paka wakubwa mashambani, na kwamba bado wapo. Miaka ya 1960 Mwingereza mwenye pesa aliweza kumnunua simba dukani. Mwaka 1969 vijana wawili wa Australia walinunua mtoto wa simba Harrods, London, wakamwita Christian, wakamlea kwenye duka la samani Chelsea. Alipowashinda ukubwa, alipelekwa Kora, Kenya, kwa George Adamson, mlezi wa simba, akafundishwa kuishi porini. Wengine waliofuga chui na puma, yule paka mkubwa wa Amerika, hawakuwa na Adamson wa kuwapokea. Mwaka 1976 ikaja sheria ya wanyama hatari: kufuga kwa leseni tu, na ukaguzi na gharama juu yake. Kumwachia mnyama wa kigeni porini kulikatazwa waziwazi na sheria nyingine ya mwaka 1981. Katikati hapo baadhi ya wafugaji walifungua mlango wa gari usiku na kuondoka; wapo waliokiri baadaye.

Na paka wakubwa walishakamatwa kweli. Mwaka 1980 puma jike alinaswa kwenye mtego wa mkulima huko Cannich, Scotland. Wakamwita Felicity. Alikuwa mpole, akipenda kukunwa, dalili kwamba alikulia mikononi mwa watu. Leo amejazwa na kuwekwa kwenye makumbusho ya Inverness. Mwaka 2001 linksi, paka mwitu mwenye mkia mfupi, alikamatwa Cricklewood, London kabisa. Linksi mwingine, Flaviu, alitoroka kwenye bustani ya wanyama ya Dartmoor mwaka 2016 na akanaswa baada ya wiki tatu hivi. Januari 2025 mtu aliachia linksi wanne karibu na Kingussie, Scotland. Wote walikuwa mikononi mwa wataalamu ndani ya siku chache, ingawa mmoja akafa.

Hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Paka wa kweli akiwa nje huonekana, huacha nyayo kwenye theluji, hunaswa au hufa mahali watu wakamwokota. Aliyeachiwa mwaka 1976 hangeuona hata mwaka 2000, maana chui wa porini akifika miaka kumi na mitano ameishi sana. Kwa hiyo anayesema wapo leo anadai kuna ukoo: majike, madume, watoto, kizazi baada ya kizazi. Ukoo hauwezi kujificha hivyo. Florida wapo puma kama 200, kwenye vinamasi na misitu minene, na karibu kila mwaka magari huua ishirini au zaidi. Uingereza ina barabara kila upande, wawindaji, wapenda ndege wenye darubini, na kamera za mtego zilizofungwa kwa ajili ya mbweha. Miaka hamsini, na hakuna lori lililogonga chui?

Halafu kuna rangi. Wengi wanaosimulia humtaja paka mweusi. Puma mweusi hajawahi kuthibitishwa popote duniani. Chui weusi wapo, lakini ni kama mmoja kati ya kumi, na wengi wako misitu ya Asia ya kusini-mashariki. Hata Kenya, picha za chui mweusi wa Laikipia zilipotoka mwaka 2019 zilizunguka dunia nzima. Paka mweusi wa nyumbani, kwa upande mwingine, yuko kila mtaa.

Kisa ninachokipenda ni cha Bodmin, Cornwall. Mwaka 1995 wizara ya kilimo ilituma watu wachunguze kondoo waliodaiwa kuuawa na paka mkubwa huko. Walipima picha za mnyama huyo kwa kutumia kuta na nguzo zilezile zilizoonekana humo, kama mpwa wangu na nyasi zake, wakasema hawakuona ushahidi. Siku chache tu baadaye kijana akaokota fuvu mto Fowey. Fuvu la chui, la kweli! Makumbusho ya historia ya asili ya London yakalichunguza: alama za kisu, na ndani ganda la mayai ya mende wa nchi za joto. Lilikuwa limeingia nchini pamoja na ngozi ya kutandika sakafuni.

Wazanzibari watacheka, maana sisi tuna kesi ngumu zaidi. Chui wa Unguja alikuwepo, ngozi zake zimehifadhiwa, na baada ya Mapinduzi ya 1964 aliwindwa kwa kampeni iliyoongozwa na mganga Kitanzi, kwa kuwa watu waliamini wachawi wanawafuga. Hadi leo wanavijiji husema wamemwona. Hata kwa mnyama mwenye historia hiyo, masimulizi peke yake hayajatutosha kusema yungali hai.

Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba sampuli kutoka mzoga wa kondoo huko Cumbria imetoa DNA ya jamii ya chui na simba. Siidharau. Inaweza kuwa mtoro mmoja. Inaweza pia kuwa uchafu wa maabara au wa mikono. Ningetaka sampuli ya pili, ya tatu, kutoka mashamba tofauti, zichukuliwe na watu tofauti.

Mpwa wangu hakuridhika. Amenunua kamera, ameifunga kwenye ua uleule, kimo cha goti kama nilivyomwelekeza. Wiki ya nne sasa: mbweha watatu, kulungu mmoja, na mbwa wa jirani aliyekuja kuikojolea lenzi.